Wakala asema mpwa wangu atafika NBA ndani ya miaka miwili: je, tuuze kiwanja?

SWALI

Ndugu mshauri,

Mimi ni mjomba wa kijana wa miaka 20 anayecheza mpira wa kikapu wa kulipwa katika ligi ya daraja la pili ya nchi moja ya Ulaya. Alianza mchezo huu akiwa na miaka 16, baada ya mwalimu wa michezo wa shule yake hapa Dar es Salaam kuuona urefu wake na kumhamisha kutoka mpira wa wavu. Leo ana sentimita 209. Alicheza kwa muda mfupi katika ligi ya mkoa, BDL, kisha klabu ya huko ikamchukua, na huu ni msimu wake wa pili.

Msimu uliopita alikuwa akipewa dakika tano kwa mchezo. Msimu huu anacheza dakika 11, kwa wastani wa pointi 4, ribaundi 3 (mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa) na faulo 2.5. Mitupo huru, ambayo mwaka jana alikuwa akifunga asilimia 44, sasa anafunga asilimia 61. Shemeji yangu, baba wa kijana, akizitazama hizo pointi 4 husema kwamba mtoto anapoteza ujana wake na kwamba angekuwa chuo kikuu sasa hivi. Dada yangu anaamini kinyume chake, kwamba mwanawe ni nyota ambaye kocha hajamwelewa.

Sasa amejitokeza mtu anayejitambulisha kama wakala. Anasema kijana atakuwa NBA, ligi kubwa ya kikapu ya Marekani, ndani ya miaka miwili, kwamba hata nyota wa ligi hiyo Giannis Antetokounmpo alitokea daraja la pili la Ugiriki, na kwamba kinachotakiwa ni shilingi milioni 18 za kumpeleka kwenye kambi ya majaribio Marekani mbele ya maskauti, yaani watafuta vipaji. La ajabu ni kwamba wazazi wote wawili wamekubaliana kuuza kiwanja chao cha Kibaha: dada kwa sababu ana imani, na shemeji kwa sababu anataka jambo hili liishe, ama kijana afike NBA ama arudi nyumbani kusoma. Kijana mwenyewe aliniambia kwenye simu: "Mjomba, mimi nataka kucheza tu, lakini kila nikipiga simu nyumbani naulizwa ni lini."

Naomba kujua, mtu asiye kocha anawezaje kupima uwezo wa mchezaji wa umri huu? Tutarajie nini kwa haki? Na nimwambie nini shemeji, ambaye ni mkubwa kwangu kiumri na ndiye mwenye mtoto?

Mjomba, Dar es Salaam

JIBU

Mjomba, nianze na lililo la haraka: kiwanja kisiuzwe, angalau si kwa sababu hii. Wakala wa kweli wa mchezaji wa kikapu hulipwa kwa asilimia ya mkataba aliouleta, ambayo kwa kawaida haizidi 10, na hulipwa baada ya mkataba kusainiwa, kwa hiyo hana sababu ya kupokea fedha za mzazi kabla hajafanya kazi yoyote. FIBA, shirikisho la kikapu duniani, hutoa leseni kwa mawakala, na majina ya wenye leseni yamewekwa wazi kwenye tovuti yake. Kumwomba bwana huyo uthibitisho wa leseni si utovu wa adabu, na jibu atakalolitoa litawaokoeni maneno mengi.

Mfano alioutumia pia unamwumbua. Ni kweli kwamba Giannis alicheza Filathlitikos katika daraja la pili la Ugiriki msimu wa 2012/13, na kwamba Milwaukee Bucks walimteua katika nafasi ya 15 mwaka 2013, katika uteuzi wa kila mwaka ambapo timu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Lakini familia yake, ambayo ilikuwa ikiishi maisha magumu mjini Athens, haikumlipa mtu yeyote ili aonekane: wakuu wa timu za NBA ndio waliopanda ndege kwenda kukaa katika ukumbi mdogo na kumtazama, kwa kuwa kumtafuta mchezaji ndiyo kazi wanayolipwa kuifanya. Tena alikuwa na miaka 18, na pamoja na urefu wake alikuwa akipeleka mpira mbele na kugawa pasi kama mchezeshaji, jambo ambalo hata asiyejua kikapu angeliona ndani ya robo ya kwanza. Mawakala wa namna hii wote wana Giannis wao mfukoni. Hawawataji wale mamia waliotoka daraja la pili wakabaki daraja la pili, wakipata riziki halali isiyoandikwa magazetini.

Nadhani najua pia miaka miwili yake ameitoa wapi. Kwa kanuni za NBA, mchezaji wa nje ya Marekani anaweza kujiandikisha kwa hiari yake katika uteuzi wa kila mwaka kuanzia miaka 19, na asipofanya hivyo huingizwa moja kwa moja katika mwaka anaotimiza miaka 22. Kwa hiyo ndani ya miaka miwili mpwa wako atakuwa kwenye orodha hiyo kweli, hata asipolipa senti moja, pamoja na kila mchezaji wa rika lake wa nje ya Marekani. Nafasi za uteuzi kwa kawaida ni 60. Timu ni 30, kila moja ina wachezaji 15 wa mkataba kamili na watatu wa mkataba wa pande mbili, yaani wale wanaogawanya muda wao kati ya NBA na ligi yake ya maendeleo. Jumla yao ni watu 540. Msimu wa 2023/24 ulianza na wachezaji 125 waliotoka nje ya Marekani, idadi iliyokuwa rekodi wakati ule. Sisemi hivi ili kumkatisha tamaa mtu, bali ili ninyi nyote mjue ukubwa wa mlango mnaouzungumzia.

Sasa tuje kwenye kupima. Shemeji anatazama pointi 4, na hapo anakosea, kwa sababu pointi za mchezaji wa akiba hutuambia zaidi muda aliopewa kuliko uwezo wake. Ukizigawa kwa dakika 11 na kuzipeleka kwenye mchezo mzima wa dakika 40, unapata pointi 14 na kitu na ribaundi karibu 11, na dada yako angefurahi mno akiziona hesabu hizo. Asifurahi upesi. Hesabu hiyohiyo inasema kwamba kijana anafanya faulo 2.5 katika dakika 11, na katika kikapu cha FIBA mchezaji hutolewa kwa faulo ya tano, maana yake akiendelea hivyo atakuwa nje akishacheza dakika 22 hivi. Kwa maoni yangu hii ndiyo namba muhimu kuliko zote ulizoniandikia. Kocha hawezi kumpa dakika 25 mchezaji ambaye mwili wake bado unachelewa nusu hatua na mikono yake inalipia uchelewaji huo. Swali la msimu ujao si kama atafunga pointi 8, bali kama atacheza dakika 18 kwa faulo zilezile.

Kupanda kutoka dakika tano hadi 11 ni habari njema kuliko familia inavyodhani, kwa kuwa kocha wa ligi hizo anafukuzwa akifungwa, na hana sababu ya kumhurumia kijana wa kigeni. Ila ulizeni dakika hizo anazipata lini. Dakika 11 za robo ya pili, timu zikiwa zimekaribiana, ni ushahidi; dakika 11 anazopewa matokeo yakishajulikana ni zawadi. Ligi nyingi za Ulaya hurusha michezo yake mtandaoni, kwa hiyo unaweza kuliangalia hilo wewe mwenyewe bila kumwuliza yeyote. Unapotazama, usifuate mpira. Mtazame yeye wakati mpinzani mwenye mpira anapowekewa kizuizi na mwenzake karibu na mstari wa pointi tatu, kwa sababu hapo ndipo wachezaji warefu wa leo hupata kazi au huipoteza: je, anarudi nyuma kwa wakati kulinda kikapu, anainua mikono bila kumgusa mtu, anaruka mara ya pili mpira ukigonga chuma, anampa mgongo mpinzani wake kabla ya kuiendea ribaundi? Hayo hayaandikwi kwenye takwimu za magazeti, lakini ndiyo ambayo skauti huandika kwenye daftari lake.

Kuhusu mitupo huru, kutoka asilimia 44 hadi 61 ni dalili nzuri, kwa sababu mtupo huru ni mkono wa mchezaji peke yake, bila mkabaji, na wataalamu huutumia kukisia kama siku moja ataweza kutupa kutoka mbali. Hata hivyo ulizeni idadi. Mchezaji wa dakika 11 hutupa michache; kama ametupa 30 tu msimu mzima, tofauti hiyo ni mitupo mitano, na mitano inaweza kuwa bahati.

Wewe mwenyewe umetaja jambo ambalo familia haijalipa uzito wake, nalo ni umri wake katika mchezo. Ana miaka 20 ya kuzaliwa lakini minne ya kikapu, ilhali wenzake wa Ulaya wana kumi au zaidi. Hilo linampa nafasi ya kukua ambayo mwenzake wa miaka 20 mwenye takwimu sawa na zake hana tena. Papo hapo, ukweli mwingine unavuta upande wa pili: wale wanaokwenda moja kwa moja kileleni huwa wamekwishajulikana wakiwa na miaka 18 au 19. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, aliteuliwa na Golden State Warriors katika nafasi ya 7 mwaka 2021 akiwa na miaka 18. Khaman Maluach, aliyezaliwa Sudan Kusini na kukulia Uganda, alipitia chuo cha NBA kilichoko Senegal, akaichezea City Oilers ya Kampala katika BAL, ligi ya klabu za Afrika, mwaka 2024, akasoma chuo kikuu cha Duke, Marekani, mwaka mmoja na kuteuliwa wa 10 mwaka 2025. Mpwa wako hayuko kwenye njia hiyo, na afadhali lisemwe sasa kuliko kugunduliwa baadaye.

Zipo njia nyingine, na hapa Watanzania tuna funzo la karibu ambalo nadhani tulilisoma vibaya. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye sentimita 221, naye aliuanza mchezo akiwa tayari kijana. Katika msimu wake wa tatu wa chuo kikuu cha Connecticut, 2008/09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa mchezo, na kwa mara ya pili alitajwa mkabaji bora wa Big East, kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja. Memphis Grizzlies walimteua wa pili mwaka 2009, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden, aliyekuwa wa tatu, na Stephen Curry, aliyekuwa wa saba. Msimu wa kwanza alipata pointi 3.1, na Februari 2010 akapelekwa Dakota Wizards katika ligi ya maendeleo. Baadaye alipitia Houston, Portland na Oklahoma City hadi 2014. Kwa kuwa Harden na Curry walikuja kuwa wachezaji bora wa ligi nzima, Thabeet amebebeshwa jina la aliyeshindwa, na sisi nyumbani tulilibeba jina hilo bila kulipima.

Ukilipima utaona mambo mawili. La kwanza ni kwamba urefu uliomtosha dhidi ya vijana wa vyuo haukutosha dhidi ya wanaume wazito waliokaribia kimo chake, katika mchezo uliokuwa ukianza kuwataka warefu watoke chini ya kikapu na kukimbizana na walio wepesi. La pili ni kwamba katika nafasi yake pale Memphis alikuwapo Marc Gasol. Gasol aliteuliwa wa 48 mwaka 2007, nafasi ambayo wengi wanaoteuliwa husahaulika. Hakukimbilia Marekani, alibaki Hispania mwaka mwingine akicheza kila wiki, akawa mchezaji bora wa ligi ya huko, akafika NBA mwaka 2008 akiwa na miaka 23, na mwaka 2013 akawa mkabaji bora wa NBA nzima. Wa 48 alimweka benchi wa pili. Nafasi ya uteuzi ni makisio ya watu kuhusu kijana ambaye hajakamilika, na matarajio yanayojengwa juu ya makisio hayo yanaweza kumfanya mtu aliyecheza misimu mitano NBA, Mtanzania wa kwanza kufanya hivyo, aonekane hana alilolifanya.

Kama shemeji anataka mfano wa mchezaji asiyefunga anayeishi vizuri kwa mchezo huu, mpe wa Bismack Biyombo wa Lubumbashi. Alitokea Fuenlabrada ya Hispania, akateuliwa wa 7 mwaka 2011, na katika maisha yake yote ya NBA hakuwahi kufikisha wastani wa pointi 8 kwa msimu. Lakini Mei 2016, akiwa Toronto, aliokota ribaundi 26 katika mchezo mmoja wa mtoano dhidi ya Cleveland, na majira hayohayo Orlando walimpa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72. Alichouza ni kulinda kikapu na kuokota mpira, kazi mbili tu, alizozifanya kila usiku bila kulalamika kwamba hapewi pasi. Simwahidi mpwa wako milioni hizo. Ninachosema ni kwamba mchezaji wa sentimita 209 hapimwi kwa pointi, na kwamba kijana huyu atafanya vyema akijua mapema ni kazi gani moja ambayo kocha hawezi kuifanya bila yeye.

Tutarajie nini basi? Kwa niliyoyasoma katika barua yako, na bila kumwona, matarajio ya haki ni kwamba ndani ya misimu miwili awe mchezaji wa kuanza, au wa sita wa kutegemewa, yaani anayeingia wa kwanza kutoka benchi, katika daraja lile alilopo. Akifikia hapo, klabu ya daraja la kwanza katika nchi yenye ligi ya kiwango cha kati, au klabu ya BAL, itamtazama. Hayo yakitokea atakuwa na kazi ya miaka kumi na zaidi, inayolipa vizuri kuliko ajira nyingi za mhitimu mpya wa chuo, ingawa ni kazi yenye mikataba mifupi na magoti yanayochoka. Kilele chake, kama faulo zitapungua na mkono ukiendelea kutengemaa, ni ligi kubwa ya Ulaya, na ni kutoka huko tu ndipo swali la NBA litakapokuwa swali. Akifika miaka 23 bado akiwa na dakika 11 katika daraja lile, itakuwa busara akubali kwamba ameshafika mwisho wake, na atafute elimu au ukocha kabla klabu haijamwamulia.

Hapo ndipo shemeji ana haki yake, nawe usimpinge kana kwamba hana. Hofu yake ya elimu ni hofu ya mzazi mwenye akili, ila ameifungia kwenye chaguo mbili ambazo si lazima ziwe mbili. Usimwendee mbele ya dada wala kwenye kikao cha ukoo. Mwendee peke yake, kwa heshima anayostahili mkubwa wako, ukiwa na takwimu za misimu yote miwili kwenye karatasi, na umwambie kwamba unakubaliana naye kuhusu shule na unahitaji msaada wake kuizuia fedha ya kiwanja isipotee. Kisha mwonyeshe kwamba vyuo vya Marekani vimekuwa vikipokea vijana waliowahi kucheza ligi za kulipwa Ulaya, na kwamba tangu Julai 2025 vyuo vya huko vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, ingawa masharti ya viza ya mwanafunzi humbana mgeni katika malipo hayo. Kanuni za nani anastahili kuingia zinabadilikabadilika, kwa hiyo kijana aandikiwe jibu na chuo chenyewe, si na mtu wa kati, kabla hajasaini mkataba mwingine wa kulipwa.

Dada naye aambiwe ukweli, lakini na wewe, si na mumewe. Kocha kumwelewa mwanawe ameshamwelewa: amemwongezea dakika zaidi ya maradufu.

Kwa kijana mwenyewe nina ombi moja la kikazi. Kabla msimu haujaisha aombe kikao cha nusu saa na kocha wake na aulize ni jambo gani moja likibadilika litampa dakika 18, aliandike, na mazoezi yake ya kiangazi yalenge hilo. Mkataba wake wa sasa autume kwa mwanasheria wa michezo au wakala mwenye leseni, yaangaliwe mambo mawili: kama upo utaratibu wa kuondoka akipata timu ya juu na fidia yake ni kiasi gani, na kama migogoro ya mshahara inapelekwa BAT, mahakama ya usuluhishi ya kikapu iliyoko Uswisi, kwa sababu klabu ndogo huchelewesha mishahara na mchezaji asiye na kifungu hicho hulazimika kudai katika mahakama za nchi ambayo hajui hata lugha yake. Ada ya kusomewa mkataba haitafika hata sehemu ndogo ya hizo milioni 18, na ndiyo fedha pekee ambayo ningeishauri familia iitoe mwaka huu.